Badilisha isotopi kwanza, ubishi baadaye

Julai 2023 video ya kipande cheusi kilichoinuka upande mmoja juu ya sumaku ilizunguka dunia, na makundi ya WhatsApp ya walimu wa fizikia huku Arusha na Moshi hayakusalimika. Watafiti wa Korea Kusini walidai kwamba kitu hicho, walichokiita LK-99, kilichotengenezwa kwa risasi, fosfeti na shaba kidogo, ni supakondakta katika joto la kawaida la chumba. Maana yake umeme ungepita ndani yake bila ukinzani wowote na bila kukipoza. Agosti haikuisha kabla maabara kadhaa hazijaonyesha kwamba sivyo. Ukinzani ulioporomoka ulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadili mpangilio wake wa fuwele kwenye nyuzi 104 hivi za Selsiasi. Kule kuinuka nusunusu kulikuwa usumaku wa kawaida, wa aina ileile iliyomo kwenye msumari.

Kufurahi mapema hakumdhuru mtu. Kilichonikera mimi ni maswali tuliyokuwa tukiulizana. Wote tuliuliza kuhusu ukinzani, wote tuliuliza kuhusu kuelea, na yote mawili ni mambo ambayo uchafu ndani ya sampuli unaweza kuyaigiza. Katika makundi niliyomo hakutokea aliyeuliza swali la tatu, ambalo lina zaidi ya miaka sabini na ndilo lililofungua njia ya nadharia nzima ya supakondakta: ukiondoa atomi za fuwele hiyo na kuweka atomi zilezile zenye uzito tofauti, nini kinatokea?

Sijui swali safi zaidi ambalo fizikia imewahi kuiuliza fuwele. Lakini vitabu vya kiada vimeliharibu kwa kuligeuza mhuri wa ndiyo au hapana, na hapo ndipo penye ugomvi wangu navyo. Swali hili lina faida kubwa zaidi pale linapoleta majibu yasiyoeleweka, na majibu ya namna hiyo mengi yametoka kwenye fuwele ambazo usumaku umo ndani yake.

Tuanzie karibu. Oksijeni tunayoivuta ina kiini chenye protoni 8, na mara nyingi sana nyutroni 8 pia. Ndiyo oksijeni 16. Lakini katika kila atomi elfu moja, mbili hivi zina nyutroni 10, ndiyo oksijeni 18. Aina hizi za elementi moja, zinazotofautiana kwa nyutroni tu, ndizo zinazoitwa isotopi. Mvua inayonyesha juu zaidi kwenye mteremko wa Kilimanjaro huwa na oksijeni 18 pungufu kuliko inayonyesha huku chini, kwa sababu maji mazito hutangulia kudondoka mawingu yanapopanda. Kwa kipimo hicho wataalamu wa maji hukisia chemchemi fulani imelishwa na mvua ya kimo gani. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilichoronga barafu ya Kibo, ikaipima oksijeni hiyohiyo tabaka kwa tabaka, na ikakadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Kwa hiyo isotopi si jambo geni mlimani kwetu. Kinachobadilika tukiingia maabara ya supakondakta ni kwamba mtafiti haisomi tena oksijeni 18 aliyoikuta, anaipanda mwenyewe.

Na akiipanda, kemia karibu haioni tofauti. Wauza mawe wa Arusha wanajua jinsi kitu kidogo kinavyoigeuza fuwele: chembe za vanadi ndizo zinazoipa tanzanite bluu yake, na jiwe la kahawia likipashwa moto huamka likiwa na rangi nyingine. Isotopi haina makeke hayo. Ukiitoa oksijeni yote ya tanzanite na kuweka oksijeni 18 badala yake, rangi itakuwa ileile na ugumu uleule, dalali hatashtuka hata kidogo. Mizani tu ndiyo itakayosema, kwa karibu asilimia 6 zaidi, biashara ambayo namshauri mtu asiijaribu maana gesi yenyewe itamfilisi. Ni usafi huu ninaousifu. Ukiongeza potasiamu au florini kwenye fuwele umebadili idadi ya elektroni, umebadili nafasi kati ya atomi, umebadili mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Ukibadilisha isotopi umegusa uzito wa kiini na karibu hakuna kingine.

Heike Kamerlingh Onnes aligundua supakondakta ya kwanza, zebaki, kule Leiden mwaka 1911, baada ya kujifunza kuyeyusha heliamu hadi kuwa kimiminika. Kwenye kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani ulitoweka. Huyuhuyu, akiwa na mwenzake Tuyn, alijaribu swali la isotopi mwaka 1922 kwa kulinganisha risasi ya kawaida na risasi iliyotokana na urani. Hawakuona tofauti. Vipimo vya wakati ule havikuwa na makali ya kutosha, na isotopi za kuchagua hazikuwepo.

Zilikuja na vinu vya nyuklia. Mwaka 1950 makundi mawili ya Marekani, Emanuel Maxwell kwa upande mmoja na Reynolds, Serin na wenzao wa Rutgers kwa upande wa pili, yalitangaza karibu kwa wakati mmoja kwamba zebaki nyepesi hugeuka supakondakta mapema kuliko zebaki nzito. Zebaki 198 ya Maxwell ilipatikana kwa kuipiga dhahabu kwa nyutroni. Wachimbaji wetu wadogo hutumia zebaki kuinasa dhahabu. Hawa waliitoa dhahabu ili wapate zebaki. Wastani wa uzito wa atomi ulipopanda kutoka 199.5 hadi 203.4, jotoridi la mgeuko lilishuka kutoka kelvini 4.185 hadi 4.146. Ni badiliko la chini ya asilimia 1, na bado lilitosha kubadili fani nzima.

Lilitosha kwa nini? Elektroni ndizo zinazobeba umeme, na elektroni hazina habari na uzito wa kiini. Kama kuongeza nyutroni, ambazo hazina chaji yoyote, kunasogeza jotoridi la mgeuko, basi atomi zenyewe zinashiriki kwa kutetemeka kwake. Herbert Fröhlich alikuwa ameshaandika nadharia ya aina hiyo mwaka huohuo, na mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer wakaikamilisha katika ile inayoitwa BCS kwa herufi za majina yao. Elektroni inapopita katikati ya atomi zenye chaji chanya huzivuta kidogo upande wake. Yenyewe ni nyepesi na ina mbio. Atomi ni nzito na zinachelewa kurudi mahali pake. Bodaboda ikipita kwenye tope la masika kule Machame imeshafika mbali, lakini mfereji wa tairi umebaki, na inayofuata inajikuta imeingia humohumo. Hivyo elektroni mbili ambazo kwa kawaida zinasukumana zinafungwa kuwa jozi. Jozi zote zikitembea kwa mwendo mmoja, hakuna kinachozikwaruza njiani.

Kasi ya mtetemo hupungua kwa kipeuo cha pili cha uzito, na jotoridi la mgeuko hufuata. Ndiyo maana kipeo cha isotopi, yaani namba inayosema jotoridi la mgeuko linashuka kwa kasi gani uzito unapopanda, kinatarajiwa kuwa 0.5, na zebaki ilitoa takribani hicho. Nikiwa darasani ningeweza kuishia hapo, kengele ikalia, na wanafunzi wakatoka wakiamini kwamba 0.5 maana yake mitetemo, sifuri maana yake kitu kingine. Vitabu vingi huishia hapo kweli.

Sasa chukua rutheni. Mwaka 1961 Geballe, Matthias na wenzao waliipima wakapata sifuri: nyepesi au nzito, inageuka palepale. Bernd Matthias, ambaye hakuwa na subira na watu wa nadharia, aliona hiyo ni dalili kwamba mitetemo haiwezi kuwa habari yote. Watu wa nadharia wakarudi na hesabu. Elektroni pia husukumana zenyewe kwa zenyewe, na msukumano huo nao unategemea jinsi mitetemo ilivyo ya haraka. Katika baadhi ya metali athari mbili zinafutana na kipeo kinaanguka hadi karibu sifuri ingawa mitetemo ndiyo inayofanya kazi yote. Kwa hiyo sifuri haiuondoi mtetemo kwenye orodha ya watuhumiwa. Paladi iliyonyweshwa haidrojeni inakwenda mbali zaidi: ukiweka dutiriamu, yaani haidrojeni nzito mara mbili, jotoridi la mgeuko linapanda kutoka kelvini 9 hivi hadi karibu 11. Uzito umeongezeka na mambo yamekuwa mazuri zaidi! Maelezo yanayokubalika ni kwamba haidrojeni ni nyepesi mno kiasi kwamba mtetemo wake hauko sawa pande zote, na fuwele yake haina ugumu uleule na ya dutiriamu. Kumbe hata pale tuliposema tumegusa uzito tu, fuwele imejinyoosha au kujibana kidogo kwa siri.

Lishike hilo la kujinyoosha, linarudi kwenye chuma.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller, kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, waligundua supakondakta katika oksaidi za shaba, na mwaka uliofuata ikapatikana ile ya itriamu, bariamu na shaba inayogeuka kwenye kelvini 92. Naitrojeni kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, kwa hiyo kwa mara ya kwanza hukuhitaji heliamu. Hazikupita wiki nyingi kabla watu hawajabadilisha oksijeni 16 na 18. Kwa kipeo cha 0.5 mgeuko ungeshuka kwa kelvini 5 na ushee. Ulishuka kwa chini ya nusu kelvini. Wengi walihitimisha kwamba mitetemo imetupwa nje na kwamba usumaku wa shaba ndio unaofunga jozi.

Hitimisho hilo naliona la haraka, na ushahidi uliofuata unaniunga mkono kwa kiasi kikubwa. Kipeo kidogo kilikuwa cha fuwele zilizotengenezwa kwa kiwango bora, pale jotoridi la mgeuko lilipo kileleni. Ukiondoka kileleni kwa kupunguza wabeba umeme, kipeo kinakua. Kwenye baadhi ya sampuli kinafika 0.5 na kukipita, huku jotoridi lenyewe likiporomoka. Kundi la Zürich lilifanya kazi ya uvumilivu zaidi: mwaka 1994 lilitangaza kwamba limefaulu kubadilisha oksijeni ya sehemu moja ya fuwele na kuiacha ya sehemu nyingine, na likaonyesha kwamba karibu athari yote inatoka kwenye oksijeni iliyomo ndani ya matabaka ya shaba, palepale ambapo usumaku nao unakaa. Namba moja iliyopimwa kileleni ilikuwa imeficha haya yote.

Usumaku, kwa desturi, ndio adui. Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walionyesha mwaka 1933 kwamba supakondakta huufukuza uga wa sumaku kutoka mwilini mwake, na tayari ilikuwa ikijulikana kwamba uga ukizidi kiwango, supakondakta inakufa. Ndani ya fuwele uadui ni mkali zaidi. Jozi za elektroni katika nadharia ya BCS hufungwa kati ya elektroni ambazo sumaku zake ndogo zimeelekeana kinyume, moja juu moja chini. Atomi yenye sumaku ikikaa katikati yao inajaribu kuzigeuza zote zitazame upande mmoja, na jozi inavunjika. Mwaka 1958 Matthias, Suhl na Corenzwit waliweka gadoliniamu ndani ya lanthanamu, na asilimia 1 tu ilitosha kuua hali hiyo. Kuna kampaundi ya erbiamu, rodi na boroni iliyoripotiwa mwaka 1977 ambayo inanifurahisha kila ninapoisoma: ikipozwa hadi kelvini 8.7 inakuwa supakondakta, halafu ukiendelea kuipoza hadi chini ya kelvini 1 sumaku za erbiamu zinajipanga zote upande mmoja, na ukinzani unarudi. Umeipoza zaidi, ikaharibika.

Kwa historia hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta supakondakta ndani ya chuma. Mwaka 2008 kundi la Hideo Hosono kule Japani liliitangaza, kwenye kelvini 26, katika kampaundi ya lanthanamu, chuma, aseniki na oksijeni iliyotiwa florini, na ndani ya miezi michache wengine, kwa kuweka samariamu, wakafika kelvini 55. Katika kampaundi hizi chuma ambacho hakijatiwa kitu kinapangika kisumaku kwanza, atomi jirani zikielekeana kinyume katika mistari; kwa ile ya bariamu hutokea karibu na kelvini 140. Ukiuvuruga mpangilio huo kwa kutia potasiamu kidogo, supakondakta inachomoza. Zipo hata sampuli ambazo vyote viwili vinaishi pamoja. Hapa ndipo swali la isotopi lilipotakiwa kutoa hukumu ya mwisho, na hapa ndipo lilipotoa kituko ambacho kingepaswa kufundishwa kila chuo.

Mwaka 2009 kundi la China lilibadilisha chuma 56 kwa chuma 54 na kutangaza kipeo cha takribani 0.35, kikubwa vya kutosha kusema kwamba mitetemo ya chuma ina sehemu yake. Mwaka huohuo kundi la Japani lilichukua kampaundi ya familia ileile, ya bariamu na potasiamu, likabadilisha chuma 54 kwa chuma 57, likapata hasi 0.18: chuma kizito, jotoridi juu. Fuwele moja, swali moja, majibu yanayopishana hata alama.

Kabla ya kumchagua mshindi angalia ukubwa wa kinachogombewa. Kutoka chuma 54 hadi 56 uzito unaongezeka kwa asilimia isiyofika 4, na jotoridi la mgeuko liko karibu na kelvini 38. Ugomvi wote huu ni wa nusu kelvini upande huu na chini ya nusu kelvini upande ule. Potasiamu, kwa upande wake, ni metali inayoruka kwenye tanuri. Sampuli mbili zilizochomwa siku mbili tofauti zinaweza kutofautiana kwa potasiamu kidogo tu, na tofauti hiyo ikazaa nusu kelvini yake yenyewe ambayo haihusiani na isotopi hata chembe. Mwaka 2010 Rustem Khasanov na wenzake wa Uswisi walirudi kwenye matokeo yote yaliyochapishwa wakauliza swali ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu baada ya kuulizwa: je, vipimo vya fuwele vilibaki vilevile? Havikubaki. Pale ambapo mhimili wa fuwele ulikuwa umerefuka au kufupika kidogo kati ya sampuli nyepesi na nzito, kipeo kilisogea nao. Walipoitoa sehemu hiyo ya umbo, majibu yaliyokuwa yakigombana yalisogeleana, karibu na kile cha China.

Hata hivyo siamini kwamba China ilishinda kwa maana ya kufunga kesi. Katika andiko lao kulikuwa na sentensi iliyonigusa kuliko ile ya 0.35: uzito wa chuma ulisogeza pia jotoridi ambalo mpangilio wa kisumaku unaanza, na kwa kiwango kilekile. Uzito wa kiini, ambao hauna chaji wala sumaku ya kutajika, unaugusa usumaku. Njia yake inafikirika. Nguvu ya sumaku ya chuma katika fuwele hizi inategemea sana kimo cha aseniki juu ya tabaka la chuma, na kimo hicho ndicho kinachotikiswa atomi zinapotetemeka. Kwa hiyo mtu akisema “ni mitetemo au ni usumaku?” anataka kutenganisha vitu ambavyo fuwele yenyewe haijavitenganisha. Upande wa shaba nako vipimo vya myuoni, chembe ndogo zinazopandwa ndani ya fuwele ili kuupima usumaku wake, vya kundi la Zürich vilionyesha kwamba kubadilisha oksijeni husogeza hata mwanzo wa mpangilio wa kisumaku. Mjadala wa fononi, yaani mitetemo ya atomi, dhidi ya usumaku umekula miaka mingi ya wasomi wenye akili kuliko mimi, na bado nauona umejengwa juu ya chaguo ambalo halipo.

Kuna mwanya mmoja kwenye sifa niliyoimwagia isotopi, na msomaji makini ameshauona. Chuma 54 na chuma 56 viini vyake havina sumaku. Chuma 57 kinayo. Je, Wajapani hawakubadili usumaku pamoja na uzito? Kwa kelvini 38 jibu ni hapana kwa vitendo: sumaku ya kiini ni dhaifu mara maelfu kuliko ya elektroni, na joto linaizima kabisa. Lakini shuka chini vya kutosha na hilo nalo linaamka. Katika aloi ya dhahabu na indiamu, ambayo ni supakondakta chini ya kelvini 0.2, viini vyenyewe hujipanga kisumaku kwenye sehemu 35 za milioni za kelvini, na uga unaohitajika kuiua supakondakta hiyo hupungua mara viini vinapojipanga. Kipimo hicho ni cha mwaka 1997, na ni cha watu waliokuwa na jokofu la ajabu.

Zipo fuwele ambazo swali la isotopi linajibiwa kama vitabu vinavyopenda. Boraidi ya magnesi, iliyogunduliwa kuwa supakondakta mwaka 2001, inageuka kwenye kelvini 39.2 ikiwa na boroni 11 na 40.2 ikiwa na boroni 10. Salfaidi ya haidrojeni iliyobanwa kwa kanieneo la zaidi ya mara milioni moja ya angahewa inafika kelvini 203, na ukiweka dutiriamu inashuka hadi karibu 150. Haidraidi ya lanthanamu iko kwenye 250. Ya dutiriamu, 180. Hakuna atomi za kisumaku hapo za kuleta ubishi, na mshuko mkubwa namna hiyo hauwezi kuigizwa na waya uliolegea. Makala mawili ya Nature yaliyodai supakondakta ya joto la chumba yaliondolewa, moja mwaka 2022 na jingine 2023. Kwa dai lolote la haidrojeni mimi siku hizi naanza kusoma kwenye ukurasa wa dutiriamu.

Sasa, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaouza kahawa na mawe? Nimeulizwa hivyo, tena na watu ninaowaheshimu. Lipo jibu la heliamu: chemchemi za bonde la ufa, Rukwa na hata Eyasi upande wa Karatu, zinatoa gesi hiyo kutokana na urani na thoriamu zinazooza ndani ya miamba ya kale, na sehemu kubwa ya heliamu duniani huishia kupoza sumaku za supakondakta kwenye mashine za MRI. Kuuza gesi bila kuwa na watu wanaojua baridi inatumikaje ni biashara ya kubeba magunia. Lakini jibu hilo ni la mezani, na mimi nina lililo karibu zaidi.

Usa River kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, kinachohifadhi mbegu za mafahali ndani ya mitungi ya naitrojeni kimiminika. Kelvini 77. Baridi ambayo oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba inahitaji ili iwe supakondakta imekuwa ikisafirishwa kwenye pikapu hadi kwa wafugaji wa Meru na Hai kwa miaka mingi, na walimu wa fizikia tunaipita barabarani. Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, Njiro kuna maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki. Kuitengeneza fuwele yenyewe kunahitaji oksaidi ya itriamu, kabonati ya bariamu, oksaidi ya shaba, kinu cha kusagia, tanuri linalofika nyuzi 950, na uangalifu kwa sababu bariamu ni sumu. Gesi ya oksijeni 18 ni ghali, lakini inatengenezwa kwa wingi duniani, maana maji yenye oksijeni hiyo ndiyo malighafi ya florini 18 ya hospitalini, na sampuli ya gramu moja haihitaji tangi.

Ningependa kumwona mwanafunzi wa shahada ya uzamili akikata kidonge kimoja vipande viwili, akaviweka kwenye tanuri moja kwa saa zilezile, kimoja katika oksijeni 16 na kingine katika 18, kusudi yale yaliyowagombanisha China na Japani yasimpate. Atafute mshuko wa robo kelvini hivi, na kipimajoto chake kiwe na uwezo wa kuuona. Halafu apunguze oksijeni kwenye jozi nyingine ya vidonge, aondoke kileleni, aone kipeo kikikua. Ila kabla ya kugusa naitrojeni apeleke vipande kwenye mizani: oksijeni saba zikibadilishwa zote, uzito unapaswa kuongezeka kwa asilimia 2.1. Ukiongezeka kwa 1.3, oksijeni 16 bado imo ndani, na kipande kirudi kwenye tanuri.